Rauta au swichi ya leya 3 kwenye mlango wa kutokea nje? Amua hivi

Hili swali nakutana nalo karibu kila saiti, swichi ya leya 3 (swichi inayoweza pia kurauti, yaani kupeleka pakiti toka mtandao mmoja hadi mwingine) ipo kwenye raki tayari, ina poti 24, inarauti vizuri tu, sasa rauta ya nini tena? Twende taratibu.

Hatua ya 1: fuata kebo ya mtoa huduma mpaka mwisho ujue amekupa nini. Kama ni IP moja ya pablik (ya intaneti) na ndani una kompyuta 60 za 192.168 (IP za ndani), unahitaji NAT (kugeuza IP za ndani ziwe hiyo moja ya pablik), basi weka rauta. Swichi nyingi za leya 3 hazina NAT kabisa, na baadhi ya zilizo nayo zinaibebesha CPU. Swichi inarauti kwa chipu, pakiti haigusi CPU, ndo maana inasukuma gigabiti kibao bila kuhema, ila chipu inajua kile ilichotengenezewa tu. Kuna ofisi niliwasha NAT kwenye swichi, asubuhi kabla watu hawajaingia safi kabisa, kufika saa nne CPU 100%, nataka kuingia kwa mbali kwa SSH nikaangalie na yenyewe inagoma. Nikahamishia NAT kwenye rauta ndogo, tatizo likaisha siku hiyohiyo. PPPoE (kuunganishwa na mtoa huduma kwa jina na nenosiri) na IPsec (VPN yenye usimbaji) nazo peleka kwenye rauta.

Hatua ya 2: hesabu ruti, yaani njia za kufikia mitandao. Difolti ruti moja (njia ya kila kisichojulikana) haisumbui swichi yoyote. Ila ukitaka BGP (itifaki ya kubadilishana ruti za intaneti) kamili toka kwa watoa huduma wawili, jedwali la IPv4 la dunia nzima liko kwenye ruti milioni 1 hivi, wakati swichi ya Cisco Catalyst 3750 hata ukiipa sdm prefer routing (amri ya kutenga nafasi zaidi kwa ruti) inabeba kama 11,000. Angalia yako kwa show sdm prefer, na ukibadilisha lazima uiwashe upya, kwa hiyo fanya usiku.

Hatua ya 3: linganisha poti na kasi uliyolipia. Poti ni giga 1, umelipia Mbps 100, swichi inamwaga pakiti kwa mkupuo, mtoa huduma anatupa zinazozidi na simu za VoIP zinaanza kukatakata. Rauta ukiiseti kwa hiyo Mbps 100 inazipanga foleni kwanza.

Kama ni faiba kati ya majengo yako mwenyewe, IP zote za ndani, hakuna NAT, weka swichi, usipoteze hela.

Hatua ya 4: mara nyingi mimi naweka vyote viwili. Rauta nje, swichi inarauti VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) za ndani, katikati yao /30 (mtandao mdogo wa IP mbili), rauta ni 10.0.0.1 na swichi ni 10.0.0.2. Kwenye swichi:

ip routing
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.0.0.1

Na kwenye rauta, hii ndo watu wanaisahau:

ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 10.0.0.2

Bila hiyo swichi yenyewe itapingi rauta fresh kabisa lakini kompyuta ya VLAN 20 (hiyo 192.168.20.0) haipati jibu, maana rauta haijui irudishie wapi. Ukishaiweka hakikisha 192.168.20.0 imo pia kwenye akses listi ya NAT (orodha ya IP zinazoruhusiwa kugeuzwa), halafu pingi 8.8.8.8 ukiwa umekaa kwenye kompyuta ya VLAN 20, sio kwenye swichi.