Namna ya Kung'oa Bolti za Wapandaji katika Majabali ya Hifadhi

Bolti ya mpandaji ni chuma chenye unene wa milimita 10 au 12, kilichokazwa ndani ya tundu la drili pamoja na bamba lenye jicho la kupitishia karabina, yaani pete ya chuma yenye kilango inayoshika kamba ya mpandaji. Ikitolewa kwa papara, huacha kovu baya kuliko yenyewe. Kwa hiyo kipimo cha kazi hii ni hali ya mwamba unaobaki.

Hatua ya kwanza ni kibali cha maandishi. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, idhini hutafutwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), na ombi lenye uzito huonyesha picha ya kila bolti, mahali ilipo na sababu ya kuiondoa. Askari wa mbuga waulizwe kuhusu viota, kwa kuwa tumbusi na mbayuwayu huzalia katika magenge hayo. Wapandaji wanaoitumia njia yenye bolti hizo nao wasikilizwe mapema: mwaka 2012, wenzao wawili waliposhuka mlima wa Cerro Torre, nchini Argentina, wakizikata zaidi ya bolti 100 za mwaka 1970, walizua ugomvi mkubwa miongoni mwa wapandaji.

Anayeng'oa aning'inie kwenye vishikizo viwili visivyotegemeana, na bolti inayong'olewa isiwe kimojawapo. Avae kofia ngumu, miwani na barakoa, maana vumbi la mwamba hudhuru mapafu. Zana zake zifungwe kamba, na mwenzake awazuie watu kupita chini.

Bolti nyingi ni za kutanuka. Nati hufunguliwa kwa spana, mara nyingi namba 17 kwa bolti ya milimita 10 na namba 19 kwa ile ya 12, kisha bamba hutolewa. Kinachozuia chuma kutoka ni pete ndogo iliyoubana mwamba kwa ndani. Ili kuilegeza, adapta, yaani kiungo cha kuishikisha bolti na drili, hukazwa kwenye meno ya bolti na drili huizungusha bila kugonga, hadi pete isagike na chuma kianze kucheza. Hapo huvutwa polepole kwa jeki ndogo iliyoegemezwa juu ya kibao. Mtaimbo usiegemezwe kamwe juu ya mwamba mtupu, kwani ukingo wa tundu humeguka kama ganda la yai.

Bolti ikikataa, na tundu likiwa refu kuliko yenyewe, igongwe hadi izame. La sivyo, ikatwe kwa msumeno wa chuma, ambao kwa maoni yangu unafaa kuliko grinda palipo na nyasi kavu, hata kama mkono utachoka, kwa sababu cheche moja yaweza kuteketeza mlima. Mwamba ukionyesha ufa kando ya bolti, ni heri kusimama na kuacha kipande ndani.

Bolti iliyogandishwa kwa gundi haivutwi hivyo. Huchomekwa nondo ndefu katika jicho lake na kuzungushwa huku na huku hadi gundi iachie, ikishindikana, hukatwa.

Kuziba tundu ndiko kunakodai jicho la fundi. Vumbi la mwamba uleule hukusanywa, likachanganywa na gundi ya epoksi, na kujazwa hadi chini kidogo ya uso. Kisha vumbi kavu hubanwa juu kwa kidole kabla gundi haijakauka, ili isibaki iking'aa. Rangi ijaribiwe kwanza juu ya jiwe lililoanguka, na kuvu wa mwambani wasikwanguliwe.

Vyuma vyote vishushwe na kutolewa mbugani. Taarifa kwa wenye hifadhi iambatane na picha za kabla na baada, pamoja na orodha ya matundu yenye mabaki ya chuma, ili atakayetoboa hapo baadaye asigongane nayo.