Maji yakishaondoka: nyumba na gari baada ya harikeni, kwa tulio Houston

Wadau wa Houston, msimu wa harikeni ni Juni 1 mpaka Novemba 30 na kila mwaka kuna watu wamefika juzi tu ambao hawajawahi kuona maji yakiingia sebuleni, basi naandika hii kwa ajili yao zaidi.

Mimi harikeni Harvey ilinikuta 2017. Upepo wenyewe ulipiga kule Rockport usiku wa Agosti 25, sisi huku tukapata mvua, lakini mvua gani aisee, siku nne haikatiki, ndani kwetu maji yakafika magotini. Tuliporudi nikaanza usafi kama ninavyojua mimi, kapeti nje, magodoro nje, gari la taka likapita likazoa. Siku ajasta wa bima, yaani mtu wao wa kukagua hasara, anakuja ananiuliza kapeti iko wapi. Kapeti sina, picha sina. Hiyo pesa nilishaisahau.

Kwa hiyo simu kwanza, fagio baadaye. Ule mstari wa tope ukutani upige picha ukiwa umeweka tepu pembeni ili urefu uonekane, halafu kila chumba pembe zote nne, halafu friji pamoja na kile kikaratasi chake chenye namba. Kapeti kata kipande tia kwenye mfuko andika ni ya chumba gani. Risiti zote tunza, hata ya glavu na turubai. Ila kabla hujaingia ndani, kama maji yalifika kwenye soketi usiende kugusa swichi kubwa umesimama kwenye maji, subiri fundi umeme, na ukisikia harufu ya gesi toka, pigia simu nje.

Ukishapiga picha ndio ukimbizane na muda, sababu ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 mpaka 48. Jipsamu ya ukuta inakunywa maji kama mkate kwenye chai, yanapanda juu ya ule mstari unaouona, kwa hiyo kata juu zaidi ya mstari, na lile sufi la ndani ya ukuta lililolowa toa lote usilionee huruma. Mbao zinazobaki ziache zikauke kabisa ndio ufunge. Jirani yangu fundi alimharakisha wakafunga mapema wakapaka na rangi nzuri tu, kufika Krismasi nyumba inanuka kama gunia la mahindi yaliyolowa, ukuta ukabomolewa tena. Na jiki usichanganye na dawa nyingine ya usafi, moshi wake ni sumu.

Jenereta nayo ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, sio gereji hata kama mlango uko wazi. Harikeni Beryl ilipopita Julai 2024 wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme na lile joto mnalijua, watu wakawa wanawasha jenereta popote. Ule moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu, unalala huamki.

Sasa pesa. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Upepo ukiezua paa mvua ikaingia kwa juu, hiyo ni ya bima ya kawaida, lakini maji yaliyotoka barabarani yanataka bima ya mafuriko ambayo ni nyingine kabisa, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, hivyo kuikimbilia wakati tivii inaonyesha dhoruba iko Ghuba ya Mexico umechelewa. Mpangaji, bima ya mwenye nyumba haihusiki na tivii yako wala makochi. FEMA, shirika la serikali kuu la misaada ya maafa, omba hata kama umepanga, DisasterAssistance.gov au 1-800-621-3362, sema unataka mkalimani. Wakimbizi na wenye green card wanaruhusiwa, na mzazi asiye na karatasi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto aliye raia. Ikija barua ya kukataliwa usiichane, isome, mara nyingi wanataka karatasi moja tu kama barua ya bima, na una siku 60 za kukata rufaa. Mkaguzi wao hatozi hata senti, anayekuomba hela ni tapeli.

Gari. Shemeji yangu alisubiri maji yashuke akafungua mlango akapiga stata. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikapanda ikakutana nayo, konrodi ikapinda, injini kwisha. Usiwashe, hata kujaribu redio usijaribu. Toa waya wa hasi wa betri, chomoa stiki ya oili uangalie, ukikuta rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, fungua na eya klina, ikiwa imelowa ni habari ileile, ita bredauni. Maji yakifika kwenye dashibodi mara nyingi bima wanalihesabu limekufa, maana waya na kompyuta zake haziaminiki tena. Hapo anayelipwa ni mwenye kava ya comprehensive, inayolipa gari lako hata kwa mafuriko, ile ya liability, inayolipa hasara ya wengine tu, tunayoipenda kwa sababu ni rahisi haikupi kitu. Gari la umeme lililoguswa na maji ya chumvi, wale wa Galveston kule pwani hasa, liegeshwe mbali na nyumba, betri inaweza kushika moto hata siku kadhaa baadaye.

Na miezi michache baada ya dhoruba mtaona magari ya bei ya kutupa. Namba ya chesisi iingize kwenye VINCheck, tovuti ya NICB, shirika la kampuni za bima la kupambana na utapeli, ni bure, lakini haikamati yote, kwa hiyo inua kapeti ya buti chini ya spea tairi, halafu vuta mkanda wa siti taratibu mpaka mwisho wake kabisa. Ukikuta mstari wa tope kwenye mkanda, mrudishie jamaa funguo zake.