Somo: Kipimo cha mkwaruzo kwa seli shina zilizofutwa konneksini 43

Konneksini ni protini za utando wa seli, na sita hujipanga kuwa nusu mfereji. Ikikutana na nusu mfereji wa seli jirani, njia imefunguka, na vitu vidogo vya chini ya daltoni 1,000 hivi hupita. Kupima hilo, tunakwaruza seli ili zilizochanika ziingiwe na rangi, kisha tunaangalia imefika wapi kwa majirani; hadubini ya fluoresensi inatosha.

1. Thibitisha kwanza kwamba jeni imefutwa. Maelekezo yote ya protini hii yako kwenye eksoni (kipande cha jeni) moja ya GJA1, jeni ya konneksini 43, hivyo ukikata kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, sehemu moja tu, RNA (nakala ya jeni) haiteketezwi, na kipande cha protini kinaweza kubaki. Kata pande mbili, uondoe kipande kizima, kisha soma mfuatano. Usiiamini antibodi peke yake: nyingi hushika mkia wa protini, na mkia ukikatika utadhani protini yote haipo.

2. Panda seli kwenye sahani za milimita 35. Kama umezitenganisha moja moja, weka Y-27632, dawa inayozisaidia zisife, mikromola 10 kwa saa 24 za mwanzo. Subiri zijae kabisa. Penye mwanya rangi haivuki.

3. Osha kwa bafa ya fosfati yenye kalsiamu na magnesi. Wengi huharibu hapa: bila kalsiamu seli hulegea na kubanduka, na utando uliochanika hauzibiki.

4. Mimina mililita 1 ya bafa yenye Lucifer Yellow (rangi ndogo ya njano) na rodamini-dekstrani (rangi nyekundu) ya daltoni 10,000, kila moja miligramu 0.5. Kwaruza mstari mmoja kwa kisu cha upasuaji, mkono mwepesi, usirudie. Acha gizani dakika 5, osha vizuri, gandisha kwa paraformaldehidi asilimia 4.

5. Dekstrani ni kubwa mno kupita, kwa hiyo wekundu ni seli zilizochanika tu. Pima umbali ambao njano imeuvuka wekundu.

Andaa sahani tatu: seli za kawaida, zilizofutwa, na za kawaida zilizowekewa karbenoksoloni, dawa ya kuziba mifereji ya konneksini, mikromola 100 dakika 30 kabla.

MASWALI

Newala: Shikamoo mwalimu. Zilizofutwa bado zinapitisha rangi kidogo. Nimekosea kuhariri?

Jibu: Marahaba. Anza na mfuatano, huenda koloni yako imechanganyika na seli zisizohaririwa. Ikiwa safi, weka karbenoksoloni: rangi ikikoma, konneksini nyingine inapitisha, maana dawa hiyo haichagui. Na rangi isipopita kabisa usishangilie upesi. Konneksini 45 huipitisha Lucifer Yellow kwa shida, jaribu neurobiotini, kifuatilizi kidogo zaidi.

Mikindani: Umeme ukikatika majibu yanabadilika. Kwa nini?

Jibu: Chumba kikipata joto rangi husambaa haraka, na Mtwara ya Novemba kiyoyozi kikizima mnajua wenyewe hali yake. Pima sahani zote tatu pamoja, bafa zikiwa na joto moja. Inkubeta ikizima ni balaa zaidi: konneksini 43 huishi saa chache tu kabla ya kuvunjwa, hivyo kiasi chake hubadilika upesi. Zipe seli siku nzima zitulie.

Lindi: Naweza kukwaruza kwa ncha ya pipeti?

Jibu: Hapana ndugu, inang'oa ukanda mpana. Kisu, na kiwe kipya.