Namna ya Kusoma Mwelekeo wa Utafiti wa Tabia za Wanyama na Kuchagua Jarida: Mwongozo kwa Mtafiti wa Tanzania ya Kati

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza tabia za wanyama akiwa Dodoma hukutana mapema na mashauri mawili yanayovutana. Wapo wanaomwambia afuate kile kinachochapishwa kwa wingi na majarida makubwa, na wapo wanaomwambia amchunguze mnyama aliye karibu, kwa swali linaloulizwa na mfugaji au ofisa kilimo, bila kujali nani atakuja kulisoma. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Takwimu za machapisho zinastahili kusomwa kwa makini, lakini zisomwe ili kutambua kilichoachwa, kwa kuwa mtafiti wa huku hana vifaa vya kushindana na maabara za Ulaya katika mambo ambayo kila mtu anayafanya, ilhali anao wanyama na mazingira ambayo wengi wa wanafani wenzake hawajawahi kuyaona.

Anza na jina la mnyama

Chukua mfano wa kweleakwelea, ndege ambaye mkulima wa mtama na uwele wa Bahi, Kondoa au Manyoni hahitaji kuelezwa habari zake. Ukitafuta makala kumhusu kwa kutumia maneno ya jumla ya tabia za wanyama utapata chache, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake imo katika majarida ya kilimo na ya udhibiti wa visumbufu. Tafuta kwa jina la kisayansi peke yake, Quelea quelea, kisha panga matokeo kuanzia ya zamani. Hapo utakutana na jambo ambalo wengi hulipita: mwaka 1973 Peter Ward, aliyekuwa amewachunguza kweleakwelea barani Afrika, pamoja na Amotz Zahavi, walitoa katika jarida la Ibis hoja kwamba mahali ambapo ndege wengi hulala pamoja ni kituo cha kupashana habari, ambapo ndege aliyekosa chakula jana hupata nafasi ya kumfuata asubuhi yule aliyeshiba. Mwaka 1980 jarida la Animal Behaviour lilichapisha jaribio la de Groot lililoipima hoja hiyo kwa kutumia kweleakwelea waliofungiwa. Kwa hiyo ndege tunayemfukuza kwa kelele mashambani ni mmoja wa walioizaa nadharia inayofundishwa hadi leo, na mtafiti anayeijua historia hiyo hataridhika kwenda Bahi ili aandike kwamba ndege hawa hula mtama. Atauliza makundi yanayotoka kulala katika matete hujuaje shamba lipi limekomaa, na atakuwa ameligusa swali ambalo mhariri popote duniani analitambua.

Baada ya kusoma kwa njia hiyo, ndipo uhesabu. Hifadhidata za machapisho za Scopus na Web of Science ni za kulipia, ila Lens na OpenAlex hutumika bure na hutoa idadi ya makala kwa kila mwaka. Google Scholar inafaa kwa kutafuta, lakini idadi inayoionyesha juu ya ukurasa ni ya kukisia na haifai kuwekwa katika jedwali la tasnifu. Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuchora mstari unaopanda na kutangaza kwamba mada inakua. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba makala kuhusu tabia za mbuzi zilikuwa 40 mwaka 2005 na 120 mwaka 2020, na kwamba makala zote za tabia za wanyama ziliongezeka katika kipindi hicho kutoka 4,000 hadi 12,000. Mbuzi wamebaki na asilimia 1 ileile, na kilichokua ni uchapishaji wenyewe. Gawa kila mara kwa jumla ya fani, na utaje hifadhidata uliyoitumia pamoja na tarehe ya kutafuta, maana hesabu hubadilika kadiri makala za nyuma zinavyoendelea kuingizwa.

Programu ya VOSviewer, iliyotengenezwa na van Eck na Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, inapatikana bure na huchora ramani ya maneno yanayotokea pamoja katika makala. Ni msaada mzuri wa kuona makundi ya mada. Isiwe mbadala wa kusoma.

Kupima athari bila kudanganywa na namba

Kipimo cha athari cha jarida, kilichotokana na wazo la Eugene Garfield la mwaka 1955, kina hesabu nyepesi. Cha mwaka 2023, kwa mfano, hupatikana kwa kuchukua idadi ya mara ambazo maandiko ya jarida ya mwaka 2021 na 2022 yalinukuliwa ndani ya mwaka 2023, kisha kuigawa kwa idadi ya makala za utafiti na za tathmini zilizochapishwa na jarida hilo katika miaka hiyo miwili. Dirisha hilo la miaka miwili linazifaa fani zinazokwenda mbio. Mtafiti wa tabia, ambaye huenda akatumia misimu miwili ya kiangazi kukusanya data na mwaka mzima kuzichambua, kwa kawaida humnukuu mwenzake baada ya dirisha kufungwa. Ndiyo sababu majarida yanayoheshimika sana katika fani hii, kama Animal Behaviour, Behavioral Ecology na Ethology, huwa na vipimo vya tarakimu ndogo ambavyo mtu wa tiba angevidharau. Kulinganisha namba za fani mbili tofauti hakuna maana, na kamati ya kupandisha vyeo inayofanya hivyo inastahili kuelezwa kwa upole. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, linasema waziwazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kama kipimo cha ubora wa makala moja au wa mtafiti mmoja.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili ni makala ya Jeanne Altmann ya mwaka 1974 katika jarida la Behaviour. Haikutangaza ugunduzi wowote juu ya mnyama fulani. Ilikusanya mbinu za kuchukua sampuli za tabia, ikaonyesha kila mbinu inajibu maswali gani na inapotosha wapi, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa makala zinazonukuliwa zaidi katika fani nzima. Altmann aliwachunguza nyani wa Amboseli, Kenya, na hoja zake zilitokana na kero anayoijua kila aliyewahi kusimama juani na daftari mkononi: jicho humfuata mnyama mwenye vurugu, na aliyelala chini ya mti husahauliwa na mchunguzi.

Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi ya makala za mtafiti ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara nyingi kama idadi hiyo, na hakimsaidii sana anayeanza. Mtafiti mwenye makala tatu hawezi kuvuka 3, hata kama moja kati yake imebadilisha fani.

Kuliweka swali lako mahali palipo wazi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ningemshauri mwanafunzi atumie muda mrefu zaidi hapa kuliko katika kuchagua jarida. Mwaka 2020 Michael Webster na Christian Rutz waliandika katika Nature wakiwataka watafiti waeleze jinsi wanyama wao wanavyoweza kuwa si mfano halisi wa spishi nzima: mazingira ya kijamii waliyotoka, urahisi wa kunaswa kwao, malezi, mazoea yao na watu, mabadiliko ya mwitikio wao kwa majira, nasaba, na uzoefu wao wa awali. Utaratibu huo unajulikana kwa kifupi kama STRANGE. Kwa mtafiti wa Tanzania ya kati utaratibu huu ni mlango uliofunguliwa, kwa kuwa mengi yanayojulikana juu ya tabia za mbuzi na ng'ombe yametokana na mifugo ya ndani ya uzio au ya bandani.

Fikiria kundi la mbuzi wa Kigogo linalotoka zizini Kongwa saa mbili asubuhi. Linaongozwa na mtoto mwenye fimbo, linakatisha kandokando ya mashamba ambayo lazima liepushwe nayo, linafika kwenye migunga ambapo linaachiwa, kisha jioni linarudishwa. Ukimchagua mbuzi mmoja na kumfuata kwa dakika kumi, ukiandika kila tendo na muda wake, utaona kwamba sehemu ya kile ambacho vitabu vingekiita uchaguzi wa malisho ni uamuzi wa mchungaji. Basi mchungaji aingizwe katika daftari: tengeneza safu ya mlio, mluzi, jiwe lililotupwa na mahali aliposimama, na utenganishe dakika ambazo kundi limeachiwa na zile ambazo linaswagwa. Kinachoonekana kuwa kasoro ya mazingira kinageuka kuwa swali jipya, yaani jinsi mnyama anavyojifunza kutafuta chakula ndani ya mipaka inayowekwa na binadamu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo data za mwezi mmoja hazitoshi kusema lolote juu ya mwaka.

Maarifa ya wenyeji nayo huzaa machapisho makubwa pale yanapopimwa kwa ustadi. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha katika Science kwamba ndege anayewaongoza watu kwenye asali, katika eneo la Wahadzabe hapa Tanzania, aliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji, na kwamba huko Msumbiji mambo yalikuwa kinyume chake. Warina asali walikuwa wanajua jinsi ya kumwita ndege wao. Kilichoongezwa na watafiti ni jaribio lenye ulinganisho.

Yale ambayo mhakiki atayauliza

Mhakiki, yaani mtaalamu anayeipima makala kwa niaba ya jarida, ataanza na orodha ya matendo: kila tendo liwe na fasili ambayo mtu mwingine anaweza kuitumia bila kukuuliza. Ataangalia kama watu wawili waliowatazama wanyama walewale waliandika yaleyale, na atataka namba ya makubaliano yao. Ataangalia pia idadi ya wanyama halisi. Matendo 600 yaliyoandikwa kutoka kwa mbuzi sita ni sampuli ya mbuzi sita, na kuyachukulia kama 600 zinazojitegemea ni kosa ambalo Stuart Hurlbert alilieleza mwaka 1984 na ambalo bado hurudisha makala nyingi nyumbani.

Vibali visiachwe hadi wakati wa kuandika. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania), COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) husimamia vibali vya utafiti kitaifa, na kwa mifugo ni vyema kuzungumza mapema na TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania), ambayo makao yake makuu yako Dodoma na ina vituo Mpwapwa na Kongwa. Anzia ofisi ya utafiti ya chuo chako, na utunze namba ya kila kibali, maana majarida huitaka kwenye fomu ya kuwasilisha.

Jarida lipi

Soma ikisiri za toleo la mwaka mmoja la kila jarida unalolifikiria, ukijiuliza kama makala yako ingekaa pale bila kushangaza. Swali la nadharia juu ya makundi ya ndege laweza kwenda Behavioral Ecology au Animal Behaviour. La mbuzi na mchungaji linafaa Applied Animal Behaviour Science. La tembo wanaoingia mashambani litapata wasomaji wake katika African Journal of Ecology, lililoanzishwa mwaka 1963 kama jarida la wanyamapori wa Afrika Mashariki. Majarida ya nchini yasidharauliwe pale ambapo watakaoyatumia matokeo ni maofisa mifugo.

Kuhusu ada ya kuchapisha, wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe waandishi wa nchi zilizo katika kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato kidogo machapisho ya kisayansi bure au kwa bei nafuu, na Tanzania imo. Msamaha huo kwa kawaida ni wa majarida yaliyo huria kabisa, yaani yanayosomwa bure na kila mtu, si yale yanayochanganya makala huria na za kulipia, na hutegemea taasisi ya mwandishi anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake. Uliza kabla ya kuwasilisha. Jarida la mchanganyiko linaweza pia kukuchapisha bila ada ukikubali makala isomwe na waliojiandikisha tu, na mara nyingi unaruhusiwa kuweka nakala ya muswada uliokubaliwa katika hazina ya chuo.

Barua pepe inayokusifu, inayoahidi uhakiki ndani ya siku tatu na kutaja kipimo cha athari ambacho hakitokani na Clarivate, kampuni inayokitoa kipimo hicho, ifute. Hakikisha jarida huria limo katika DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria, kisha mtafute mjumbe mmoja wa bodi ya wahariri kwenye tovuti ya chuo chake uone kama mwenyewe anaitaja kazi hiyo.

Makala ikikubaliwa, weka data ghafi na maelezo ya kila safu katika Zenodo au Dryad, ambazo ni hazina za data za mtandaoni. Tangu mwaka 2020, makala kadhaa kuhusu tabia za buibui zilipoondolewa majaridani baada ya baadhi ya waandishi wenza kukuta data zenye namba zilizojirudia isivyo kawaida, wahariri wamekuwa wakali juu ya jambo hili. Pamoja na data hizo weka ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ulichokipata, na nakala yake ipelekwe kwa ofisa mtendaji wa kijiji na kwa mwenye kundi, ikiwa na namba ya simu inayopatikana, kwa sababu msimu ujao utahitaji kurudi kuwaomba mbuzi walewale.