Somo: Uvumi wa chanjo umeingia kijijini, uanzie wapi?

Hili ni la wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Chamwino, Bahi na Kongwa, na wengine mliozidiwa mbio na sauti za WhatsApp.

1. Jua kinachosemwa hasa. "Wanakataa chanjo" si taarifa. Kwenye HPV (chanjo ya mabinti ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi), mama mmoja anaogopa binti hatazaa, mwingine anaona tunafungulia uhuni, wa tatu kaudhika tu kwamba hakuulizwa. Uliza, kisha nyamaza. Wengi wetu tunashindwa hapo kwenye kunyamaza.

2. Kubali lililo kweli. Chanjo hiyo ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa dozi mbili, kwa wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, miaka 9 hadi 14. Mzazi akisema "mnatujaribia", ana pa kushikia. Mweleze kwamba tafiti zilionyesha dozi moja inakinga vizuri, na Shirika la Afya Duniani likaikubali 2022. Kuhusu uzazi, usizunguke: chanjo haigusi kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoweza kumfikisha mwanamke kuondolewa kizazi.

3. "Zimeharibika na joto la huku kwetu." Hoja ya maana, Dodoma jua tunalijua! Mwombe muuguzi awaonyeshe chupa. Nyingi zina alama ya duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa hafifu kuliko duara, na tarehe haijapita, inatumika. Ukishakoza kufanana na duara, inatupwa. Mama akiangalia mwenyewe, huna haja ya hotuba.

4. Mbishi usimjibu mkutanoni, utampa jukwaa. Mfuate kwake jioni, ikibidi na mchungaji, shehe au mwenyekiti wa kitongoji.

5. Sauti ya uvumi usiirushe, hata kwa kuipinga.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti alizimia shuleni baada ya sindano. Kijiji kizima hakina habari nyingine.
– Usikane. Mabinti wa umri huo huzimia kwa woga wa sindano, ndiyo maana huketishwa dakika 15 baada ya kuchomwa. Nenda na muuguzi nyumbani kwao leo, si wiki ijayo, na tukio liandikwe zahanati. Ukichelewa, stori itaandikwa mnadani.

Mama anataka, baba hataki. Nimchanjie kimyakimya?
– Hapana ndugu yangu. Baba akijua, umepoteza nyumba hiyo na majirani zake. Mfuate baba, muulize kasikia nini na kwa nani.

Mtoto kapitwa na chanjo ya surua ya miezi 9, bibi yake anasema akichanjwa sasa itamdhuru.
– Haitamdhuru kwa sababu ya kuchelewa. Aje na kadi ya kliniki. Kadi imepotea? Aje vilevile.