Somo: Kigoda cha Ulm, mbao tatu na fimbo moja

Max Bill na Hans Gugelot walikibuni mwaka 1954 kwa wanafunzi wa chuo cha usanifu cha Ulm, Ujerumani. Unakikalia, unakilaza kinakuwa meza ndogo, unakipindua unabebea vitabu ukishika fimbo. Hakina kipande cha pambo. Ukiondoa kimoja tu, kinalegea.

Kimo sm 44, upana 39.5, kina 29.5.

Mahitaji: paini kavu ya unene wa sm 2. Kikalio 39.7 × 29.5, mbavu mbili (mbao za pembeni), 42.1 × 29.5 kila moja. Mninga: fimbo ya kipenyo sm 2.5, urefu 41, na vipande viwili vya kugundisha chini ya mbavu, 2 × 2 × 29.5. Ukikosa ubao mpana, gundisha miwili ukingo kwa ukingo.

1. Nyuzi za kikalio zifuate urefu wa 39.7, za mbavu zisimame wima. Zikipishana, kiangazi kitapasua kiungo.

2. Meno ya kuunganisha hukatwa kwenye ncha zote mbili za kikalio na ncha ya juu ya kila ubavu. Gawa upana wa ubao, ule wa 29.5, sehemu 11. Laza rula mshazari, 0 ukingo mmoja na 33 ukingo wa pili, tia alama kila sm 3, kisha shusha mistari kwa skweya. Kikalio kina meno 6, ubavu 5. Urefu wa jino ni sm 2.1, hiyo milimita ya ziada utaipiga randa mwishoni.

3. Kata upande wa taka, yaani sehemu inayoondolewa, mstari ubaki kwenye jino. Wengi huharibu hapa: wanakata juu ya mstari, meno yanacheza, halafu wanajaza gundi na vumbi la mbao. Kiungo hicho hakidumu. Jino liingie kwa kugongwa nyundo ya mbao taratibu.

4. Toboa tundu la fimbo kwenye mbavu zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja, sm 7 kutoka chini.

5. Gundisha, pitisha fimbo papo hapo, kaza kwa klampu. Nafasi ya ndani kati ya mbavu iwe 35.5 juu na chini.

6. Pasua ncha za fimbo, gonga kabari. Mpasuo ukate nyuzi za ubavu. Ukizifuata, ubavu utachanika.

MASWALI

— Fundi, naweza kupiga misumari badala ya meno?
Hapana. Msumari utaingia kwenye kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zinapoishia, ambako haushiki. Mtu akiegemea pembeni, unang'oka.

— Mkuu, vipande vya mninga nimevigundisha vizuri kabisa, mbona ubavu umepasuka chini?
Umepaka gundi urefu wote. Ubavu hutanuka na kusinyaa kwa upana, mninga haurefuki. Paka sm 8 za katikati tu. Kwenye ncha tia skrubu, na tundu lake kwenye mninga lirefushwe kidogo ili ubavu upate nafasi ya kusogea.