Kabla ya Kulaumu Ufunguzi: Jinsi ya Kusoma Michezo Yako ya Sataranji Mtandaoni

Vijana wengi ninaocheza nao sataranji hapa Mbeya wametokea kwenye drafti, zile za vizibo vya soda vijiweni Mwanjelwa. Wanaona mbali, hilo siwapingi. Ila wakiingia mtandaoni wanaganda kwenye pointi zilezile, na kila mmoja anauliza ajifunze ufunguzi gani, yaani mpangilio gani wa hatua za mwanzo wa mchezo. Mara nyingi tatizo haliko huko. Fanya hivi kwanza.

1. Chagua muda mmoja

Pointi za bliti (michezo ya dakika chache tu) na za rapidi (ya muda mrefu kidogo) huhesabiwa mbalimbali, kwa hiyo ukirukaruka huna kipimo. Mimi nashauri dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kila unaposogeza kete. Mvua za Machi zikishika na mtandao ukaanza kusuasua, hiyo nyongeza utaishukuru.

2. Ielewe namba

Lichess, tovuti ya bure ya kuchezea sataranji, humwanzisha kila mtu na pointi 1500. Alama ya kuuliza pembeni maana yake mfumo bado haujakujua vizuri. Mpaka iondoke, usitambe wala usilie. Usizilinganishe na pointi za Chess.com, tovuti nyingine, wala za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kila mahali pana hesabu zake. Kwa hesabu za Arpad Elo, aliyebuni mfumo wa pointi za sataranji, aliyekuzidi pointi 200 hutarajiwa kuchukua kama robo tatu ya alama mkicheza mara nyingi. Kufungwa naye si msiba.

3. Fungua michezo 20 ya mwisho uliyofungwa

Hapa ndipo penye kazi. Usibonyeze uchambuzi wa kompyuta kwanza. Chukua daftari, na kwa kila mchezo andika: mchezo uliharibikia wapi, ulifikiri sekunde ngapi pale (Lichess inakuonyesha), saa ilikuwa imebaki na dakika ngapi, na ulikuwa unataka nini.

Kwa watu wa drafti jibu hujirudia: walikula. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono umeshazoea. Tazama huu (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari, na kisipotajwa kete ni askari; weupe huanza): e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, kisha mweusi anamrusha farasi wake d4 na kumwacha askari wa e5 bila mlinzi. Kijana, mwenye weupe, anakula e5 kwa farasi. Malkia mweusi anatokea g5. Kijana anaona akila f7 atawatishia malkia na ngome kwa mpigo, anakula tena. Malkia anakula g2, ngome inakimbilia f1, malkia anakula e4 na kumtishia mfalme, askofu anarudi e2 kuziba, farasi mweusi anatua f3. Mfalme hana pa kwenda. Ukitazama saa, dakika tisa bado zipo!

Badala ya kula e5, angesogeza askari c3 angekuwa salama. Hata kumla yule farasi wa d4 kungefaa, maana si kila kula ni kosa. Swali ni moja tu kabla ya kugusa: nikila, yeye anacheza nini?

Ukimaliza daftari, sasa washa kompyuta ikusahihishe.

4. Tafuta mtindo wako kwenye ushindi

Angalia ulikoshinda. Kama ni michezo ya taratibu ya kubanana, d4 na askofu f4 itakutosha kwa weupe. Kama unashinda kwa kushambulia, baki na e4. Ufunguzi mmoja kwa weupe, mmoja wa kujibu e4, mmoja wa kujibu d4, basi.

5. Weka kikomo

Ukifungwa mara mbili mfululizo, zima simu. Najua baridi ya Julai inavyomfanya mtu ajifunike blanketi saa sita usiku na kusema "wa mwisho huu". Pointi nyingi hupotelea humo, wala si kwa sababu mpinzani ni hodari.

Baada ya mwezi rudia hatua ya tatu, ukurasa mpya kando ya ule wa zamani. Kama safu ya sekunde imepanda kutoka mbili tatu hadi kumi na zaidi pale penye kula, endelea hivyo hivyo hata kama pointi hazijasogea.